Kukaa na Mzee Anayeaga Dunia Nyumbani

  

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Tunamzungumzia bibi au babu ambaye siku zake zinakaribia kwisha, naye yuko nyumbani, na wewe ndiye uliyekaa kando ya kitanda chake. Huenda ukasema, "Kifo ni amri ya Mungu, kipindi cha afya kina nini cha kuongeza?" Ni kweli, siku ya kufa hatuipangi sisi. Lakini mzee asiumie bure, asikauke mdomo, asilale katika ubichi, asiachwe peke yake na hofu: hayo yamo mikononi mwetu.

Tuchukue mfano wa Ras Kitau, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela. Uwanja wa ndege uko Manda, lakini hospitali kuu ya kaunti, King Fahd, iko mji wa Lamu. Mgonjwa wa Ras Kitau hana budi kupanda chombo. Mchana, bahari ikiwa shwari, ni safari fupi. Usiku, kusi likivuma na maji yakiwa yamekupwa, ni habari nyingine. Kwa hiyo mzee anapozidiwa saa nane za usiku, nyumba nzima inabaki na swali moja: tumvushe au tukae naye?

Hata kama wewe huishi kisiwani, swali hili ni lako pia. Pengine kwako si bahari, ni mto, ni barabara mbovu au ni nauli ya gari. Jibu lake halifai kutafutwa usiku ule. Linatafutwa mapema.

Kwanza, hakikisha

Mama, uzee peke yake si ugonjwa. Mzee aliyekuwa akitembea juzi, na leo amelala hajitambui, huenda ana malaria, nimonia, ugonjwa wa mkojo, sukari iliyopanda au kushuka, au upungufu wa maji mwilini. Hayo yana dawa. Usiseme "ni uzee tu, tumwache." Mzee wa namna hiyo mvushe, apimwe.

Tunayemzungumzia leo ni mwingine. Ni yule ambaye daktari amekwisha kumchunguza na kusema kwamba ugonjwa wake hauponi tena: saratani iliyoenea, moyo uliochoka, figo zilizoshindwa, kiharusi kilichomlaza muda mrefu. Kwa huyu, kazi yetu inageuka. Hatushindani tena na ugonjwa, tunamtunza mtu.

Utunzaji huu una jina: tiba shufaa. Cicely Saunders, aliyeanza kazi kama muuguzi kisha akawa daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya anayekufa yanaweza kutulizwa. Kwetu Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Uganda walifuata mwaka 1993, pale Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, na dawa ya morfini ya maji ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani. Serikali ya Kenya nayo ilitoa sera yake ya tiba shufaa mwaka 2021. Kwa hiyo ukimuuliza daktari, "Je, bibi anaweza kupata tiba shufaa nyumbani?" hujauliza jambo geni. Ni haki yake.

Amueni mapema, mzee akiwa bado anasema

Muulize mwenyewe, kwa adabu, wakati ana nguvu. "Bibi, ukizidiwa, ungependa tukupeleke hospitali au tukae nawe hapa?" Wengi huona vibaya kuuliza, kana kwamba wanamwitia mauti. Lakini mara nyingi mzee ndiye anayengoja kuulizwa. Atakuambia anataka kulala upande gani, nani amwoshe, azikwe wapi, nani anamdai na yeye anamdai nani. Hizo ni amana. Deni likijulikana sasa, watoto hawatagombana kesho.

Kisha waambie jamaa wote, na hasa walio mbali. Mnajua inavyokuwa. Mwana aliye Mombasa au aliye Saudia atapiga simu, aseme kwa sauti ya juu, "Mbona hamjampeleka hospitali? Mnangoja nini?" Hasemi kwa ubaya, anasema kwa uchungu wa kuwa mbali. Lakini anayebeba maneno hayo ni wewe uliyekesha, pengine mke wa mwana, na majirani wanasikia. Ndiyo maana uamuzi usiwe wa mtu mmoja. Kaeni pamoja, wazee wa nyumba wawepo, wa mbali wasikie kwa simu, na ikiwezekana muuguzi aeleze mwenyewe alivyosema daktari. Baada ya hapo hakuna wa kukunyoshea kidole.

Muwe na vitu hivi tayari: simu yenye chaji, namba ya muuguzi au daktari, namba za nahodha wawili (mmoja akiwa baharini, wa pili apatikane), kitambulisho cha mzee, na karatasi zake za hospitali mahali pamoja.

Lini kuvuka, lini kukaa

Piga simu kwa muuguzi, na mjiandae kuvuka, ikiwa mzee ana maumivu yasiyotulia kwa dawa alizopewa, anahangaika kutafuta pumzi, anatokwa na damu nyingi, ana degedege, ameanguka na kuvunjika, au tumbo limejaa mkojo na hautoki. Hapa hata asiyepona anastahili nafuu.

Kaeni naye ikiwa daktari alisema hakuna tiba tena, mzee mwenyewe alichagua nyumbani, na dalili zinakuja polepole kama tutakavyoeleza. Kumpakia mtu aliye katika sakarati kwenye chombo, apigwe na mawimbi, afie katikati ya mlango wa bahari mbali na kitanda chake, si kumsaidia. Kubaki naye si kumtelekeza. Kubaki naye, ukijua unachokifanya, ndiyo tiba iliyobaki.

Dalili za siku za mwisho

Ukizijua dalili hizi hazitakutisha.

Mzee hulala sana na kuamka kidogo. Hataki chakula, kisha hataki hata maji. Mkojo hupungua na kuwa mweusi. Huenda akachanganyikiwa, akawaita watu waliokwisha kufa, akavutavuta shuka. Usibishane naye. Mshike mkono, mwambie wewe ni nani.

Siku au saa zikiwa chache, mikono na miguu hupoa, na ngozi ya miguu hufanya mabaka. Pumzi hubadilika: huenda haraka, kisha hupungua, kisha husimama kwa muda, kisha hurudi tena. Kooni husikika mkoromo wa mate ambayo mgonjwa hana nguvu ya kuyameza. Mkoromo huu huwaumiza zaidi wanaousikia kuliko mgonjwa mwenyewe, maana kwa kawaida wakati huo hajitambui. Mgeuze alale ubavu, inua kichwa chake kidogo kwa mto, mate yatoke.

Kazi ya mikono yako

Chakula. Mama anajua kwamba kupenda ni kulisha. Ndiyo maana jambo gumu kuliko yote ni hili: usimlazimishe. Mwili unaofunga kazi zake hauhitaji chakula tena. Mzee hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Uji au maji ukimmiminia mtu asiyeweza kumeza huingia mapafuni na kumkaba. Akiwa macho na akiomba, mpe kijiko kimoja, ameketishwa. Akikataa, basi.

Mdomo. Badala ya kumnywesha, mlowanishe. Chovya kitambaa safi cha pamba katika maji safi, kikamue, umpanguse midomo, ufizi na ulimi kila baada ya saa moja au mbili. Mpake midomo mafuta kidogo asipasuke. Kiu ya mtu anayekufa huwa zaidi mdomoni, na kitambaa hiki humtuliza.

Ngozi. Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala. Mgeuzeni watu wawili kwa shuka, msimburute. Weka mto katikati ya magoti. Akijikojolea, msafishe mara moja, mkaushe, umbadilishie nguo. Mfunike leso wakati wa kumwosha. Hata asiyejitambua ana stara yake.

Maumivu. Dawa ya maumivu hutolewa kwa saa zake; usingoje mpaka mzee alie. Kama amepewa morfini ya maji, pima kwa kifaa mlichopewa, na usizidishe wala kupunguza bila kuuliza. Wengine huiogopa, wakidhani ndiyo itakayomuua. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimharakishi, inamwondolea mateso. Huleta kufunga choo, kwa hiyo uliza na dawa ya kulainisha choo. Chupa iwekwe mbali na watoto. Mgonjwa akishindwa kumeza kabisa, usimlazimishe vidonge, mpigie muuguzi.

Usafi. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Vaa glavu ukishika damu, kinyesi au kidonda. Kama huna, uliza zahanati mapema.

Sauti. Usikivu unaweza kubaki hata macho yakifungwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawajitambui tena, wakaona baadhi yao ubongo bado ulikuwa ukiitikia sauti. Kwa hiyo semeni naye. Mwambieni mnamsamehe, na mnamwomba radhi. Yule mwana aliye Saudia, mwekee simu sikioni mwa mama yake aseme naye. Itamfaa kuliko kuwagombeza. Na chumbani humo msijadili urithi wala gharama. Anaweza kuwa anasikia.

Watoto wa nyumba

Watoto wanaona zaidi ya tunavyodhani. Mtoto akiambiwa "bibi amelala" au "bibi amesafiri," huenda akaogopa kulala, au akangoja kila mashua ione kama bibi amerudi. Mwambie kwa maneno mafupi na ya kweli: "Bibi ni mgonjwa sana. Mwili wake umechoka. Atakufa, na sisi tutakuwa pamoja nawe." Mhakikishie kwamba si kosa lake. Akitaka kuingia kumsalimu bibi, aingie na mtu mzima. Akitaka kuondoka, aondoke. Mpe kazi ndogo, kama kupepea au kuleta kitambaa.

Saa ya mwisho

Punguza watu chumbani. Fungua dirisha, hewa ipite. Taa iwe ndogo. Kwa Waislamu, mzee huelekezwa kibla akiweza bila kuumizwa, na mtu mmoja mpole humtamkia shahada taratibu. Asimsukume wala asirudie mfululizo kama mwalimu wa darasa. Akishaitamka, aachwe apumzike. Kwa Wakristo, kama baadhi ya majirani wa Manda Maweni kwenye machimbo ya mawe, ni wakati wa kuomba pamoja naye.

Pumzi ikisimama, usikimbilie kupiga kelele. Kumbuka husimama na kurudi. Ngoja dakika chache. Tazama kifua, sikiliza moyo, gusa shingo. Kama hakuna pumzi wala mapigo, na macho hayabadiliki ukiyamulika, amekwenda. Tazama saa, ikumbuke.

Saa zinazofuata

Hakuna haraka katika dakika za mwanzo. Kaa. Lia kama unalia. Kisha fanya haya, kwa sababu mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache, na kwenye joto letu mapema zaidi.

Mfumbe macho kwa kiganja. Mfunge kidevu kwa kitambaa kipana kupitia juu ya kichwa, mdomo usibaki wazi. Nyosha mikono na miguu. Ondoa nguo alizofia, umfunike shuka safi mwili mzima.

Sasa maji. Manda tangu zamani ni kisiwa chenye shida ya maji matamu. Magofu ya Takwa yako kisiwani humo. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na uhaba wa maji hutajwa kuwa moja ya sababu. Kuosha maiti kunahitaji ndoo kadhaa. Kwa hiyo mzee akishaonyesha dalili, tengeni pipa moja la maji safi, lifunikwe, lisiguswe. Msije mkaanza kutafuta maji ng'ambo usiku wa manane. Vilevile muwe na sabuni, pamba, karafuu maiti, majani ya mkunazi na sanda: vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke. Baadhi ya wazee huwa wameiweka sanda yao wenyewe sandukuni. Mwulize akiwa hai.

Mwanamke huoshwa na wanawake, mwanamume na wanaume. Mume na mke wanaruhusiwa kuoshana. Wenye kuosha wavae glavu, wafunike vidonda vyao, wanawe kwa sabuni wakimaliza. Mwili wa mtu aliyekufa kwa uzee au saratani hauna hatari ya kuwatisha. Lakini kama kulikuwa na kuharisha kwa ghafla kunakoshukiwa kipindupindu, msioshe kwanza. Mwiteni afisa wa afya awaelekeze. Na kama kifo kilitokana na ajali, kuanguka au jambo la kutiliwa shaka, ripotini polisi kabla ya kuosha.

Shuka na nguo zilizochafuka zilowekwe katika maji yenye dawa ya klorini, kisha zifuliwe na kuanikwa juani. Dawa zilizobaki, hasa morfini, zirudishwe hospitalini. Usimpe jirani.

Karatasi

Kisheria kifo cha nyumbani hupelekwa kwa naibu wa chifu kabla ya kuzika. Mmoja wa jamaa aende na kitambulisho cha marehemu na chake mwenyewe, aeleze jina, umri, saa na ugonjwa. Naibu wa chifu hujaza fomu ya kifo na kutoa kibali cha mazishi. Kwetu maiti huzikwa upesi, pengine kabla ya adhuhuri, kwa hiyo namba ya naibu wa chifu iwe kwenye simu yako tangu mapema. Baadaye, kwa ile fomu, chukueni cheti cha kifo katika ofisi ya usajili. Msingoje, maana ikipita miezi sita huhesabiwa kuwa usajili wa kuchelewa. Bila cheti, mjane hapati haki yake benki wala kwenye mirathi.

Kama mwataka kusafirisha maiti bara, ulizeni hospitalini mapema kuhusu chumba cha maiti na chombo cha kuvukia.

Wewe nawe

Mama, jeneza likishatoka na wanaume wamekwenda makaburini, nyumba hujaa watu na wewe unatafutwa jikoni. Umekesha siku kumi. Waachie wengine sufuria. Kula, kunywa maji, lala. Kama unanyonyesha, nyonyesha kama kawaida. Huzuni haiharibu maziwa, lakini kukosa chakula na usingizi hukuchosha.

Usishangae ukisikia nafuu pamoja na huzuni. Si dhambi. Na ukiamka usiku saa ileile ya kumgeuza, ukakuta kitanda kitupu, hiyo ni kawaida pia. Ikipita miezi na bado huwezi kulala, kula wala kushika kazi, nenda zahanati ukazungumze.

Na lile swali litakurudia: "Lau tungemvusha?" Ukisikia hivyo, hesabu ulichofanya. Ulimlowanisha mdomo. Ulimgeuza. Hakuumia ukanyamaza. Hakuwa peke yake. Huko hospitalini, kwa ugonjwa ule, yangefanywa hayohayo, ila na mikono asiyoijua.

Mambo ya kukumbuka

Mzee anayeugua ghafla apimwe kwanza. Uzee si sababu ya kumwacha.
Ulizeni matakwa yake mapema, na jamaa wote wayajue.
Usilazimishe chakula wala maji, lowanisha mdomo.
Dawa ya maumivu kwa saa zake.
Semeni naye mpaka mwisho.
Tengeni maji, sanda na namba za simu kabla ya usiku wa haja.
Kifo kiripotiwe kwa naibu wa chifu kabla ya mazishi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Hapa petu, mgonjwa akizidiwa usiku, tunampigia nani?
2. Ni mzee gani nyumbani mwako hujamwuliza anataka nini?
3. Jirani anapomuuguza mzee wake, sisi tunaweza kumpokea kazi gani?

 Mola awape nguvu nyote mnaokesha usiku wa leo.